Kioo cha pembeni cha gari kimegongwa: kutambua kilichoharibika na kukitengeneza nyumbani

Dereva aliyegongwa kioo na bajaji pale Mwanjelwa, au aliyepishana kwa karibu mno na lori kwenye foleni ya Tunduma, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye duka la spea na kununua saiti mira nzima, ilhali kilichokufa ni kipande kimoja tu ndani yake. Kifaa hicho ni mkusanyiko wa vitu kadhaa: kioo chenyewe, bamba la plastiki ambalo kioo kimebandikwa juu yake, mota ndogo inayokielekeza juu na chini, kushoto na kulia, kasha linalobeba vyote hivyo, kava yenye rangi ya gari kwa nyuma, na mguu unaoshika mlango kwa nati. Magari mengi yanayoingia kutoka Japani yana pia mota ya pili ya kukunja, na mengine yana indiketa kwenye kava. Kila kipande huharibika kwa namna yake na kutoa dalili yake, na anayeisoma dalili vizuri hununua kile tu kinachohitajika.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari madogo kama IST, Vitz, Passo, Premio na Noah, ambayo ndiyo yaliyojaa kwenye barabara zetu. Kwa kila dalili, sababu inayopatikana mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umewekwa kabla ya ule unaohitaji spana.

Kabla ya kugusa chochote

Adui wa kwanza wa kazi hii huku nyanda za juu ni baridi. Kati ya Juni na Agosti, gari lililolala nje Uyole, Mafinga au Makambako huamka na plastiki iliyokakamaa, na klipu ambayo mchana ingepinda na kurudi hukatika kwa mlio mmoja ukiibinua saa moja asubuhi. Kazi ya kung'oa kioo au kava isubiri saa tano au saa sita, jua likiwa limepiga upande huo wa gari kwa muda. Asiyeweza kusubiri afunike sehemu hiyo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, akibadilishe mara mbili tatu, au atumie draya ya nywele kwa umbali wa shibri moja. Maji yanayochemka yasimwagwe kamwe juu ya kioo chenye baridi, kwa kuwa kioo kilichokuwa kizima kinaweza kupasuka papo hapo.

Vaa glovu nzito na miwani. Vipande vya kioo cha gari ni vyembamba na huruka vinapoachia gundi, na jicho halina spea. Vifaa vingine ni vya kawaida: bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10 pamoja na soketi yake, solotepu pana, kipande cha plastiki ngumu cha kubinulia, na kitambaa kikubwa cha zamani.

Dalili ya kwanza: kioo kimepasuka, lakini kasha ni zima na halichezi

Sababu ya kawaida ni kugongwa: sehemu ya mbele ya kioo hugusana na chombo kingine, kasha hukunjika na kuokoka, lakini kioo hupasuka. Inayofuata ni jiwe lililorushwa na gari la mbele kwenye barabara ya vumbi. Sababu ya tatu, ambayo watu hawaitaji sana, ni mkono wa mtu: aliyekuwa akirekebisha kioo kwa kusukuma kona yake badala ya katikati.

Anza kwa kuangalia kama mota ingali nzima. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, chagua upande husika kwenye kitufe cha vioo, kisha sogeza kioo pande zote nne. Kikisogea vizuri, unachohitaji ni kioo chenye bamba lake tu, ambacho madukani huuzwa peke yake na kwa bei ya chini sana kuliko saiti mira nzima. Kikiwa kimya au kikilia bila kusogea, soma kwanza sehemu zinazohusu mota hapa chini, ili usije ukanunua kioo leo na kesho ukarudi kununua kilichobaki.

Bandika solotepu juu ya kioo kizima kwa mistari inayokatana ili vipande visimwagike. Sukuma sehemu ya juu ya kioo iingie ndani hadi mwisho, na ukingo wa chini utajitokeza. Zungushia ncha ya bisibisi bapa tepu, au tumia kipande cha plastiki, kiingize kati ya bamba na mota karibu na klipu za chini, kisha kisokote taratibu hadi klipu moja iachie, halafu ya pili. Usivute kwa nguvu mara bamba linapoachia, kwa sababu kwenye vioo vyenye kipasha joto kuna nyaya mbili zilizochomekwa mgongoni. Zichomoe kwa kushika vichwa vyake, na si kwa kuvuta waya.

Kioo kipya kinarudishwa kwa kupanga klipu zake na matundu ya mota, kisha kukisukuma kwa kiganja kilichofunguliwa, katikati, mahali ambapo mota ipo nyuma yake. Utasikia mlio wa klipu ukiingia, mara nyingi zaidi ya mmoja. Asiyesikia mlio asisukume pembeni kwa hasira. Akiondoe, aangalie kama klipu zimelingana, na arudie. Vioo vingi vipya hupasukia hapa, mikononi mwa mwenye gari, kabla havijafika hata barabarani.

Hutokea kwamba bamba ni zima na anayetaka kuokoa fedha anabandika kioo kipya juu yake. Hilo linawezekana, ila lina masharti. La kwanza ni gundi. Silikoni ya kawaida yenye harufu kali kama siki hula rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo, na baada ya miezi kadhaa madoa meusi huanza kutambaa kutoka pembeni; tafuta silikoni isiyo na harufu hiyo au gundi inayoandikwa kuwa ni ya vioo. Gundi ya haraka inayoganda kwa sekunde ni ngumu mno kwa kitu kinachotikiswa kutwa nzima, hivyo hukatika, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo. Safisha bamba kwa spiriti, paka vitone vilivyoenea badala ya mzingo mmoja wa pembeni, shikilia kioo kwa tepu, na uliache gari mchana na usiku mzima bila kuliendesha. Wakati wa baridi silikoni huganda polepole zaidi, kwa hiyo iongezee siku. Bamba lenye kipasha joto lisikwanguliwe kwa kisu, kwa kuwa utando wake wa umeme ni mwembamba kama karatasi.

Sharti la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Fundi wa vioo vya madirisha atakukatia kioo cha umbo lolote unalotaka, na watu wengi wametengenezewa hivyo, lakini kioo chake ni bapa wakati vioo vya pembeni vya magari haya vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo pana. Ukiweka kioo bapa, hasa upande wa kushoto ulio mbali na dereva, utaona ukanda mwembamba wa barabara na pikipiki iliyo ubavuni itapotea kabisa. Tena macho yako yatakuwa na vipimo viwili: kioo kilichobinuka huonyesha gari la nyuma likiwa dogo na la mbali kuliko lilivyo, na kioo bapa huonyesha lilivyo. Kuhama kati ya vioo viwili vya namna hiyo ukiwa unateremka Kitonga na malori nyuma yako si jambo la kujaribu. Kioo cha kukatwa kichukuliwe kuwa cha kukufikisha dukani, si cha kukaa nacho. Na kama huna budi kukikata, ukachora kiolezo kutoka kwenye kioo kizima cha upande wa pili, kumbuka kugeuza karatasi kabla ya kumpa fundi. La sivyo utarudi nyumbani na kioo kisichoingia.

Dalili ya pili: asubuhi kioo hakipo, kasha limebaki wazi

Huu ni wizi, na kinachofuata kinategemea namna mwizi alivyofanya kazi yake. Mwizi mwenye haraka hubinua kwa bisibisi na kuondoka na kioo pamoja na vipande vya klipu, na mara nyingine uso wa mota huvunjika. Angalia ndani ya kasha kwa tochi: ukiona duara la plastiki likiwa zima na meno yake yote, nunua kioo na bamba pekee. Ukiona meno yamekatika au nusu ya duara haipo, kioo kipya hakitakaa hata ukikigundisha, na mota lazima ibadilishwe pia. Mota nyingi zimeshikwa na skrubu tatu zinazoonekana kwa mbele na hutoka bila kung'oa kasha mlangoni.

Unapokwenda kununua kioo cha mtumba, kigeuze na ukitazame vizuri. Wamiliki wengi huchorewa namba ya gari kwenye vioo na taa, na kioo chenye alama ya kukwanguliwa pembeni kina habari ambayo muuzaji hatakuambia. Kikiachwa dukani, hakuna hasara. Chako kipya kichorwe namba siku hiyohiyo, kabla ya kukifunga, kwani ni rahisi zaidi kikiwa mezani.

Dalili ya tatu: picha ndani ya kioo inatetemeka

Hapa watu hupoteza fedha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu hununua saiti mira wakati tatizo ni klipu isiyoingia, na pengine tatizo haliko kwenye kioo kabisa. Tambua kwanza ni wakati gani picha inatetemeka.

Ikitetemeka gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kisha ikatulia ukikanyaga mafuta kidogo, na vioo vyote viwili vikafanya hivyo, tazama mipira inayoshika injini. Kioo kinakuonyesha tu kile ambacho injini inakifanya, na kukibadilisha hakutasaidia. Ikianza kwenye mwendo fulani wa barabara kuu, pamoja na usukani kutikisika, kagua balansi ya magurudumu.

Ikitetemeka upande mmoja tu, zima gari na uguse. Weka vidole viwili katikati ya kioo na ubonyeze kwa upole juu, chini, kushoto na kulia. Kioo kikicheza ndani ya kasha huku kasha limetulia, sababu ya kwanza ni klipu moja ambayo haikuingia au imekatika. Ya pili ni gundi kati ya kioo na bamba kuachia. Ya tatu ni kifundo cha mota kilicholegea kwa uzee. Klipu isiyoingia inamalizwa kwa kusukuma katikati mpaka mlio usikike. Gundi iliyoachia inatengenezwa kama ilivyoelezwa hapo juu. Kifundo kilicholegea hakina dawa ya kudumu isipokuwa mota nyingine. Vipande vya sponji vinavyopachikwa nyuma ya kioo hutuliza mtikisiko kwa wiki chache, kisha mota huanza kuvisukuma na kuchoka mapema. Kumbuka pia kwamba kioo kilichokatwa kutoka kwenye kioo cha kabati ni kinene na kizito, na kitatetemeka hata mota ikiwa mpya.

Kasha likicheza pamoja na kioo, shika kasha lote kwa mkono mmoja na uutazame mguu wake. Mguu ukisogea juu ya bati la mlango, nati zimelegea, na dawa yake ni kuzikaza. Mguu ukitulia wakati kasha linacheza juu yake, springi ya kukunjia imechoka au plastiki ya ndani imepasuka, nayo ni habari ya dalili ya sita.

Dalili ya nne: kioo hakiitikii swichi kabisa

Angalia kitufe cha kuchagua upande. Kina nafasi tatu, kushoto, kulia na katikati, na kikiwa katikati hakuna kioo kitakachosogea. Gari likitoka kuoshwa, kitufe hicho huwa kimeguswa na kitambaa cha mwoshaji, na mwenye gari hufika gereji na malalamiko ambayo yanaisha kwa kidole kimoja. Hakikisha pia kwamba ufunguo umefika mahali ambapo redio inawaka.

Vikiwa vimekufa vioo vyote viwili, shuku fyuzi. Katika baadhi ya magari vioo hutumia fyuzi moja na redio au tundu la kuchajia simu, kwa hiyo chomeka chaja uone. Visanduku vya fyuzi huwa chini ya dashibodi na kwenye boneti, na maandishi ya mfuniko mara nyingi ni ya Kijapani. Fuata namba za ampea na rangi, ambapo 7.5 ni kahawia, 10 ni nyekundu, 15 ni buluu na 20 ni njano. Chomoa, inyanyue kwenye mwanga, na ukiona uzi wake umekatika weka nyingine ya namba ileile.

Acha hapo endapo fyuzi mpya itaungua tena. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuziba kwa waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizo nyuma ya dashibodi. Fundi umeme atafute mahali waya ulipochunika.

Kikiwa kimekufa kioo kimoja tu, fyuzi haina hatia, na mantiki kidogo itakuokoa kufungua mlango. Jaribu pande zote nne kwa kila kioo na uandike matokeo. Ikiwa vioo vyote viwili vinakwenda juu na chini lakini hakuna kinachokwenda kushoto na kulia, tatizo ni swichi, kwa sababu ndicho kitu pekee wanachoshirikiana. Ikiwa kioo kimoja hufanya yote manne na kingine hufanya mawili tu, swichi inafanya kazi, na unatafuta waya mmoja au mota ya upande huo. Ikiwa kioo kimoja hakifanyi lolote, angalia mlango wake: je, dirisha la umeme na loki za mlango huo nazo zinasumbua? Kama ndiyo, nyaya zimekatika ndani ya mpira ulio kati ya mlango na nguzo ya gari, mahali zinapopindwa kila mlango unapofunguliwa. Mlango wa dereva ndio hutangulia. Fungua na ufunge mlango taratibu huku mwenzako akibonyeza kitufe. Kioo kikishtuka hata mara moja, umepata jibu. Nyaya hizo ziunganishwe kwa risasi ya kulehemu na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa; kuzisokota na kuzifunga tepu kutadumu hadi masika tu.

Kabla ya kuihukumu mota, ichomoe soketi na ugusishe betri ndogo ya volti 9 kwenye nyaya zake mbili mbili. Kwa kawaida nyaya tatu ni za kuelekeza kioo, na mbili zinazoongezeka ni za kukunja. Kioo kikisogea polepole, mota ni nzima na waya ndio mkosaji. Usitumie betri ya gari kwa jaribio hili, kwani waya ukiteleza cheche yake ni kubwa.

Dalili ya tano: mota inalia, kioo hakisogei

Meno ya ndani yameliwa au kioo kimeachana na mota. King'oe kioo na uitazame mota ikifanya kazi: ikizunguka bila kusukuma chochote, imekwisha. Zipo video za watu wanaojaza meno hayo kwa gundi ya epoksi. Mota ya mtumba ni bei nafuu, na saa za kukaa chini ukichonga meno ya plastiki zina thamani yake.

Dalili ya sita: kioo hakikunjiki, au hakibaki kilipowekwa

Kioo cha kukunja kwa umeme kikigongwa na kulazimishwa kurudi kwa mkono, meno ya ndani hupishana, na mota huendelea kukoroma hata kioo kikiwa kimefika. Kabla ya kufungua kitu, kikunje na kukikunjua kwa kitufe mara kadhaa, ukikiacha kila mara kimalize safari yake. Mara nyingi utasikia mlio mzito wa meno yakirudi mahali pake, na tatizo limekwisha. Kisichorudi kwa njia hiyo, au kinachokunjika polepole sana asubuhi za baridi na kuchangamka mchana, kinaweza kuwa na grisi iliyoganda na vumbi lililochanganyika nayo. Futa kwenye kiungo kwa kitambaa na upulize kidogo silikoni ya maji ya kulainisha, si ile ya gundi. Oili chafu ya injini isitumike, kwa maana hukusanya vumbi la Chunya lote na kugeuka tope.

Kioo cha kukunja kwa mkono kinacholegea na kusukumwa na upepo gari likiwa kwenye mwendo kina springi iliyochoka au kufuli lililovunjika. Acha hapo. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa ndani ya nafasi ndogo, na bamba linaloishikilia likiachia bila kifaa cha kuibana huruka kuelekea uso wa aliyeinama juu yake. Fundi mwenye vaisi afanye kazi hiyo, au kinunuliwe kingine.

Dalili ya saba: kasha limevunjika na linaning'inia kwa nyaya

Kwanza litulize. Likiachwa linabembea, nyaya hukatika na rangi ya mlango huchunika. Likunje likutane na dirisha, weka kitambaa kati yake na bati, na ulifunge kwa tepu pana. Hatua hiyo ni ya kukutoa ulipo hadi nyumbani kwa mwendo mdogo. Gari lisilo na kioo upande wa dereva lisiingizwe barabara kuu ya Zambia, na hasa lisipandishwe kuelekea Tukuyu wakati ukungu umeshuka juu ya Uporoto. Mbali na askari wa usalama barabarani, hutamwona anayetaka kukupita.

Kisha chunguza kilichovunjika. Kava ya nyuma ikiwa imetoka au imepasuka, ni urembo na kinga ya mvua tu. Hununuliwa peke yake na kupachikwa kwa klipu. Kasha lenyewe likiwa na ufa usiogusa mahali mota inaposhikwa, linaweza kuunganishwa kwa ndani kwa wavu mwembamba wa waya unaozamishwa kwenye plastiki kwa pasi ya kulehemu, kazi ambayo mafundi wa bampa huifanya kila siku. Mguu ukiwa umekatika, hakuna gundi wala ulehemu wa kuuamini. Mguu huo hubeba uzito wote dhidi ya upepo, na ukiachia kwenye mwendo, kioo kitakuwa jiwe kwa pikipiki ya nyuma. Hapo ndipo saiti mira nzima inapostahili kununuliwa.

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha upande, idadi ya pini kwenye soketi, matundu ya mguu, na kama ina indiketa au la. Gari la jina moja na miaka tofauti huwa na vioo visivyoingiliana. Kama ni ya mtumba, ikunje na uikunjue palepale, na usukume kioo uone kama kimetulia.

Kubadilisha si kazi kubwa. Ondoa waya hasi wa betri, usubiri kama dakika mbili, kwa kuwa baadhi ya milango ina vihisio vya mifuko ya hewa. Bandua kipande cha plastiki cha pembe tatu kilicho kwenye kona ya dirisha kwa ndani. Katika magari mengi nyuma yake kuna nati tatu za namba 10. Magari mengine yanakulazimu kutoa kava yote ya mlango, na skrubu zake hujificha nyuma ya kishikio na chini ya kitufe cha dirisha. Kabla ya kugusa nati ya kwanza, sokomeza kitambaa kwenye uwazi ulio chini yake. Nati ikikuponyoka huingia tumboni mwa mlango, na utaisikia ikigongagonga kila unapofunga, mpaka siku utakapoamua kufungua mlango mzima kwa ajili yake. Chomoa soketi, shika kioo kwa nje kwa mkono mmoja, kisha legeza nati ya mwisho. Katika kufunga, nati zote tatu zianze kwa vidole, halafu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Skrubu zilizozamishwa kwenye plastiki hung'oka ukizikaza kama za gurudumu.

Acha hapo ukikuta soketi au nyaya za rangi ya njano ndani ya mlango, bati la mlango likiwa limechanika kuzunguka matundu ya nati, au dirisha likianza kukwama baada ya ajali. Njano ni rangi ya mfumo wa mifuko ya hewa na haichezewi kwa testa.

Dalili ya nane: kioo kipya kimefungwa, lakini upepo unapiga mluzi

Mara nyingi ni mpira mwembamba wa kati ya mguu na mlango uliosahaulika kwenye kioo cha zamani au kukunjika wakati wa kukaza. Legeza nati, uunyooshe, ukaze tena. Mluzi ukiendelea, kagua kipande cha pembe tatu kama klipu zake zote zimeingia. Usijaze silikoni kuzunguka mguu. Siku utakapohitaji kuutoa utang'oa na rangi.

Dalili ya tisa: picha ya kamera imepinda au haionekani

Baadhi ya Noah na Harrier zina kamera chini ya kioo cha kushoto, na nyingine zina kamera pande zote zinazounganishwa kuwa picha moja ya gari likionekana kutoka juu. Skrini nyeusi inaweza kuwa soketi ya kamera ambayo haikuchomekwa, na hilo unaweza kulikagua mwenyewe. Picha ikionekana lakini imepinda, au mistari ya maegesho haiendani na gari, kamera inahitaji kupangwa upya kwa kompyuta, nayo ni kazi ya fundi mwenye kifaa hicho. Mpaka hapo, zima picha hiyo kama gari linaruhusu, na urudi nyuma kwa kutumia vioo na mtu wa kukuongoza.